Boti bapa au boti ya mkuku? Mwongozo kamili kwa mtu wa Nairobi

Haupiti mwezi bila mtu kunitumia picha ya boti kwenye simu. "Mkubwa, hii inauzwa. Nichukue?" Picha huwa ile ile: boti imekalishwa juu ya matofali nyuma ya gereji, majani yameota hadi ubavuni, na muuzaji ameandika urefu, rangi, na kwamba injini "ni kuwasha tu". Nami humrudishia swali moja: utakuwa ukirudi saa ngapi?

Wengi hudhani sikusoma ujumbe. Lakini swali hilo ndilo linaloamua kati ya boti ndogo ya chini bapa na boti kubwa yenye mkuku, ule uti unaopita chini katikati toka mbele hadi nyuma, kuliko bei na kuliko urefu. Sisi wa Nairobi maji yetu yako mbali. Vijiboti vya Uhuru Park ni vya kuwafurahisha watoto. Bwawa la Nairobi, lile la kando ya Kibera ambako zamani watu waliendesha mashua za tanga wikendi, limemezwa na gugumaji na taka. Kwa hiyo mwenye boti hapa mjini ni msafiri kwanza, baharia baadaye. Ataamka Jumamosi, apite Limuru au ateremke Mai Mahiu, afike Naivasha saa tatu kama malori hayakumzuia, ashushe boti saa nne, ale samaki mchana, aanze kurudi saa tisa. Mvuvi wa pale, saa hiyo, keshauza samaki wake, keshavuta boti nchi kavu, na amejilaza kivulini. Si uvivu. Saa tisa ni saa ya upepo.

Mimi nimelelewa Lamu na nimefanya kazi Viwandani kwa miaka mingi. Nimemiliki boti za aina zote mbili. Ile bapa niliinunua kwa furaha nikaiuza kwa aibu, na nitaisimulia hapo mbele.

Hatua ya kwanza: kaa kando ya maji bila boti

Kabla hujampa mtu hata shilingi ya kushikilia, toa siku moja nzima. Nenda kwenye maji utakayotumia, ukae kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Beba uzi uliofungwa fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni. Pima kina pale utakaposhushia boti, kisha mwombe mvuvi akusogeze mbele kidogo, upime tena. Andika saa ambayo mawimbi ya kwanza yanaanza kuvunjika na kutoa povu jeupe. Ukizungumza na wavuvi, usiwaulize wanatoka saa ngapi, maana wote watakwambia alfajiri. Waulize wanarudi saa ngapi, na siku gani walichelewa, na ilikuwaje.

Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi yenyewe. Sehemu kubwa ya ziwa ni maji mafupi, mita chache tu. Kina kirefu kiko upande wa Crescent Island, ambayo ni ukingo wa shimo la volkano lililozama. Asubuhi ziwa huwa kioo. Mchana upepo unaingia, na upepo juu ya maji mafupi hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana karibu karibu. Wimbi la bahari kuu hukuinua na kukushusha kama mtu anayekubembeleza. La Naivasha hukupiga kofi, na kabla hujakaa sawa limekuja la pili.

Halafu kuna viboko, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Sifa kubwa ya boti bapa ni kupita kwenye maji ya magotini. Naivasha, maji ya magotini na kiunoni kando ya mafunjo ndiyo sebule ya kiboko mchana kutwa. Kiboko hapendi kuelea. Anapenda kusimama chini huku maji yamemfunika mgongo. Basi ile sifa unayoilipia ndiyo itakayokupeleka sebuleni kwake. Na upepo ukikuzidi katikati ya ziwa, ukafikiri utajibanza ufukweni hadi utulie, mlinzi wa ufukwe ni yeye.

Ziwa Viktoria ni maji mawili tofauti yenye jina moja. Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu na Dunga, ni maji mafupi, yenye gugumaji linalotembea na upepo: asubuhi umeshusha boti pazuri, jioni pamefungwa kama umejengewa ukuta. Huko boti bapa ina kazi, mradi usijitenge na ufukwe. Lakini ukishapita Mbita na Rusinga unatazama ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kina chake hufikia mita 80 hivi, na dhoruba zake za usiku hazina huruma. Angalia wavuvi wa omena wanaotoka usiku na taa zao. Boti zao ni ndefu, za mbao, zina mkuku, na omo, yaani sehemu ya mbele, imeinuliwa. Mbao hizo ni ghali, na bado hakuna anayejaribu kupunguza gharama kwa kwenda kule na boti bapa kama sinia.

Pwani ina mambo yake. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti inaweza kukaribia mita 4. Boti bapa maji yakipwa hukaa mchangani wima kama meza. Ya mkuku hulala ubavu, labda uiwekee magadi, ile miti ya kuiegemeza, mapema, na ukisahau utarudi na kukuta birika, mto na simu vyote vimehamia upande mmoja. Lakini msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, nje ya mwamba si mahali pa boti bapa hata kidogo. Ndani ya mlango na kwenye mikondo ya mikoko, sawa.

Masinga na mabwawa mengine ya Tana: boti bapa, bila mjadala mrefu. Maji hupanda na kushuka na mvua, na unapotua leo mwezi ujao patakuwa tope. Angalia tu visiki.

Hatua ya pili: jaribio la beseni

Watu hubishana sana kuhusu boti ipi ni imara, na wote huwa na haki kidogo, kwa sababu neno "imara" lina maana mbili. Usinisadiki mimi. Chukua beseni la kufulia, ulijaze maji. Elesha juu ya maji hayo sinia la kuokea na bakuli refu la uji. Tia viazi viwili ndani ya kila kimoja.

Sinia limetulia. Bakuli linayumba. Mtu akiishia hapo atanunua boti bapa, na ndivyo inavyouzwa: muuzaji anakualika uingie, unasimama, haitikisiki, unatoa pesa. Sasa bonyeza ukingo wa sinia kwa kidole. Linagoma, linagoma, kisha ghafla pembe imezama na maji yameingia, halikukuonya. Bonyeza ukingo wa bakuli. Linainama mara moja, hata kwa kidole kidogo, lakini kila unavyozidi kubonyeza ndivyo linavyozidi kukusukuma juu, na ukiliachia linarudi lenyewe.

Endelea. Mimina kikombe cha maji ndani ya kila kimoja. Ndani ya bakuli maji yanatulia chini katikati, pamoja na viazi. Ndani ya sinia yanatanda. Likiinama nukta moja, maji yote yanakimbilia upande ulioinama, na uzito wao unauinamisha zaidi, na yale ya nje yanaingia kuongezea. Nimewafanyia watu wazima jaribio hili jikoni kwangu na nimewaona wakinyamaza.

Kwetu Lamu wazee husema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yakiingia chomboni huzunguka tezi na omo, yaani nyuma na mbele, mwisho huishia ngamani, pale chini penye uti wa chombo, na hapo ndipo unapoyakumba kwa upo, kile chombo cha kutekea maji. Boti bapa haina ngama. Maji yakiingia hayana marejeo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya sentimita

Hesabu hii ni rahisi na sijui kwa nini wauzaji hawaifanyi mbele ya mteja. Maji ya ziwa yana uzito wa kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Boti bapa ya urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2, ukiondoa pale omo inapochongoka, imekalia maji eneo la kama mita 4 za mraba. Kwa hiyo kila kilo 40 unazoweka zinaizamisha sentimita 1.

Sasa pakia. Boti tupu ya mbao au faiba, tuseme kilo 120. Injini 40. Mafuta lita 20, kilo 15. Watu watatu wa kilo 75, jumla 225. Kasha la barafu na vinywaji, nanga, kamba, 30. Jumla ni kilo 430, yaani karibu sentimita 11. Ndiyo maana inapita kwenye maji ya chini ya goti, na hilo kwa kweli linapendeza.

Lakini geuza hesabu upande wa pili. Ubavu una kimo cha sentimita 45, kwa hiyo zimebaki 34 juu ya maji. Pale nyuma injini ilipopachikwa, ubao wa tezi hukatwa chini zaidi, kama sentimita 38 kwa injini ya mguu mfupi. Hapo zimebaki 27. Na nyuma ndipo injini ilipo, tangi lipo, na nahodha amekaa, kwa hiyo tezi imezama kuliko omo. Toa nyingine tano au sita. Umebakiwa na kimo cha kikombe cha chai kilichokaa juu ya kingine, na wimbi la sentimita 40 Naivasha alasiri halimshangazi mtu.

Boti ya mkuku ya mita 8, yenye uzito wa tani moja na nusu au mbili, haimjui abiria mmoja. Mtu akipanda huioni ikishuka. Inahitaji maji ya sentimita 60 hadi 80 ili tu ielee, na zaidi ili iende. Ubavu wake umeinuka, omo inapasua wimbi badala ya kulipanda. Kasoro yake ni kwamba imetengenezwa kubeba. Ukiiendesha tupu inalewa kama bakuli lile bila viazi, na hapo unatakiwa uipe farumi: mifuko ya mchanga au mawe chini kabisa, yaliyofungwa yasitembee. Nimeona watu wakiilaumu boti nzuri kwamba "inayumba sana" kumbe walikuwa wawili ndani ya chombo cha watu kumi na wawili.

Sasa aibu yangu. Nilikuwa na boti bapa ya mita 4. Hesabu yangu ilikuwa ya watu watatu. Siku ile binamu yangu alikuja na mkewe, tukawa wanne. Asubuhi kutoka gatini hadi ng'ambo tulitumia dakika kumi na mbili, maji yametulia, tukipiga picha. Saa tisa na nusu tukaanza kurudi, upepo ukiwa nyuma yetu. Nikafurahi: upepo wa nyuma si utatusukuma? Wimbi la tatu au la nne likapita juu ya ubao wa tezi, kiasi cha ndoo moja. Shemeji akasogea kushoto asilowe. Maji yakamfuata. Nikasema, "Kaeni chini wote, sakafuni, katikati, msiinuke." Nikageuza omo ikabili upepo, maana nyuma ndipo palipokuwa na pengo, na tukawa tunakwenda kinyumenyume polepole, binamu akikumba maji kwa mfuniko wa kasha la barafu kwa sababu upo niliuacha garini. Dakika hamsini. Kando ya mafunjo tuliona masikio manne yakitutazama, kwa hiyo hata kule hatukuthubutu. Tulipofika, shemeji alishuka bila kusema neno, na hakusema neno hadi Kinungi.

Boti haikuwa na hitilafu yoyote. Ilikuwa boti ya asubuhi, nami niliitumia jioni.

Hatua ya nne: barabara, geti na mvua

Boti yako itakaa nchi kavu siku 340 za mwaka. Ukiishi ghorofani South B au Kasarani, keateka ndiye bandari yako. Boti bapa ya alumini ya mita 3 na nusu wanaume wawili wanaibeba, inapanda juu ya pikapu, na unaweza kuisimamisha ukutani. Boti ya mkuku ya mita 8 inataka trela la magurudumu manne, gari lenye nguvu na breki za kuaminika, na mahali pa kugeuzia ambapo maegesho mengi ya mtaani hayana. Mteremko wa Mai Mahiu ukiwa unasukumwa na tani mbili nyuma si mahali pa kujifunzia. Mwenye trela zito apite njia ya juu ya Limuru, na apite mapema. Trela lenyewe husajiliwa peke yake, namba yake huanza na Z, na askari wa barabarani huliangalia kabla ya kukuangalia wewe.

Wengi wanaofanya hesabu hii vizuri huishia kuiacha boti kubwa huko huko majini, kwa ada ya kila mwezi na mlinzi. Ni sawa, lakini jua umebadilisha gharama, hukuziondoa.

Na mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya Aprili ya milimita 50 usiku mmoja juu ya boti bapa iliyoachwa wazi ni lita 200, kilo 200, juu ya trela lililokusudiwa kubeba 160. Tairi zinalala, ekseli inapinda, na wiki ya pili majirani wanauliza mbu wanatoka wapi. Toa kizibo, inua omo juu ya tofali, funika.

Hatua ya tano: injini na hewa ya milimani

Hili huwashika hata watu wa Mombasa. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, takriban asilimia 3 kila mita 300. Naivasha unapoteza karibu moja ya tano. Injini ya farasi 15 uliyoijaribu Mtwapa ukaisifu, kule inavuta kama ya 12. Ziwa Viktoria, lililo kwenye mita 1,134, unapoteza karibu asilimia 11.

Boti bapa huumizwa na hili kuliko ya mkuku. Bapa huenda kasi kwa kupanda juu ya maji na kuteleza. Ikikosa nguvu kidogo tu haipandi, inabaki imeinua omo na kuburuta tezi, ambako ndiko kwenye pengo. Ya mkuku haipandi hata hivyo. Mwendo wake unafungwa na urefu: zidisha mzizi wa mraba wa urefu wa mita kwenye mstari wa maji kwa 2.4 upate noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kwa mita 9 mzizi ni 3, kwa hiyo noti 7 na kidogo. Ukiitilia injini kubwa zaidi ya hapo unachimba tu shimo majini na kuchoma mafuta. Kwa hiyo kwa boti bapa ya nyanda za juu, ongeza nguvu moja ya tano juu ya hesabu na umwombe fundi propela yenye hatua fupi. Kwa ya mkuku, nunua injini ya kawaida, yenye mguu mrefu wa sentimita 51 au zaidi, na usihangaike.

Pima mguu wa injini kabla hujalipa. Injini ya mguu mfupi kwenye boti ndefu inanyonya hewa kila wimbi linapopita, na ya mguu mrefu kwenye boti bapa inakunyang'anya yale maji ya magotini uliyoyanunua.

Hatua ya sita: kuikagua inayouzwa

Nenda na bisibisi kuukuu, tochi na nguo za kuchafuka. Ukiambiwa "imekauka tu, ikiingia majini itavimba ijizibe", jua kwamba kwa mbao huo huwa ukweli nusu: ubao hufura na kuziba mwanya mwembamba, lakini hauwezi kufura ukaziba ulioza.

Kwa boti bapa, lala chini yake. Tumbo liwe tambarare toka nyuma hadi katikati. Likiwa limebonyea kwa ndani, boti itakita omo majini kila ukiongeza mafuta. Pitisha kidole kwenye kona inayounganisha tumbo na ubavu, pande zote mbili, kwa urefu wake wote. Hapo ndipo huburuzwa kwenye changarawe na ndipo huvuja kwanza. Halafu shika injini kwa kichwa uitikise mbele na nyuma huku ukitazama ubao wa tezi. Ukiona unapumua, plaiwudi ya ndani imeoza hata kama faiba ya nje inang'aa.

Kwa ya mkuku, anza ngamani. Fungua mbao za sakafu, washa tochi, nusa. Maji meusi yenye mafuta yanaeleza habari za injini. Maji safi yanaeleza habari za mbao. Dunga bisibisi polepole kwenye mkuku wenyewe, na pale ubao wa kwanza unapokutana nao, na kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, karibu na misumari. Msumari ukilia kutu ya kahawia pembeni yake, taruma hilo limeanza kuliwa. Uliza kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, ilitiwa lini mara ya mwisho na nani. Kule Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo Lamu, fundi hugonga ubao kwa kipini cha nyundo na kusikiliza: mzima hujibu kwa sauti kavu, mgonjwa hujibu kama mlango uliofungwa na blanketi. Ukisikia mara moja hutasahau.

Faiba nayo hugongwa, kwa sarafu. Sauti ikibadilika ghafla, matabaka yameachana.

Hatua ya saba: karatasi na vya kuokolea

Kwa ufupi. Vyombo vidogo vinakaguliwa na kupewa leseni na KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini nchini. Muulize muuzaji karatasi zake na ulinganishe namba na zilizo ubavuni. Ukitaka kuvua, zungumza na kamati ya ufukwe wa pale kabla ya siku ya kuvua, si siku ile. Ndani ya hifadhi kuna KWS, shirika la wanyamapori. Na kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha la kimo chake, limefungwa mwilini. Lililokaliwa kama mto si jaketi.

Hatua ya nane: ijaribu saa mbaya

Muuzaji atapendekeza Jumapili asubuhi. Kataa kwa heshima, omba saa tisa alasiri. Akisema saa hiyo maji ni mabaya, ameshakujibu swali kubwa bila kulipwa.

Mkiwa majini karibu na ufukwe, waambie wote wahamie upande mmoja kwa taratibu, uone maji yanabakiza vidole vingapi. Zima injini, uiachie boti. Ya mkuku itatulia na kusogea polepole. Bapa itazungushwa na upepo kama jani, na hapo utajua itakuwaje siku injini ikikataa na umebaki na makasia. Kisha jaribu kukaribia gati upepo ukitoka ubavuni. Kwa bapa utahitaji kuingia kwa kasi kidogo na kwa pembe, la sivyo utapeperushwa kabla ya kushika kamba.

Jaribio la mwisho wachache hulikubali: kwenye maji ya kiunoni, bila injini, ijaze maji hadi ukingoni. Boti bapa nzuri ina povu gumu chini ya viti na itabaki ikielea, ikikubeba umeishikilia. Isiyo nalo inakwenda chini kama sufuria. Nikiwa nachagua kati ya bapa mbili, hili pekee linanitosha.

Ningenunua ipi

Kama wewe ni mtu wa ndoano, huendi na zaidi ya mwenzako mmoja, na una uwezo wa kulala Naivasha Ijumaa ili uwe majini saa kumi na mbili na nchi kavu saa tano, chukua bapa ya alumini na usijutie. Ni rahisi, inabebeka, na asubuhi hakuna raha inayoifikia. Kama unachukua watoto, mama yako na shemeji wa watu, na siku yenu huisha saa kumi, bapa si yenu, hata ikiwa ya bure. Na boti ya mkuku ya mita 8 kwa familia ya Nairobi inayotoka mara sita kwa mwaka ni mzigo. Hiyo iachie chama cha watu wanane au kumi wanaoiweka Mbita au Kilifi na kumlipa nahodha wa pale. Kwa familia yatosha boti ya kati, mita 5 hadi 5 na nusu, yenye tumbo la umbo la V na ubavu wa zaidi ya nusu mita. Haipiti kila mahali, na hailali ufukweni wima, lakini inarudi.

Mwaka wa kwanza, usinunue, kodi boti ya mtu. Mpe mwenye boti wa pale pesa zake, ukae karibu na injini, uangalie mikono yake saa tisa.

Yule wa mwisho aliyenitumia picha alinijibu siku mbili baadaye: "Tutarudi saa kumi, kwa nini?" Tukaenda kuiona pamoja Jumatano. Ilikuwa bapa, nzuri kabisa, kasoro ilikosa kizibo. Muuzaji aliziba tundu kwa kitambaa. Mimi kizibo changu kiko kwenye pete moja na ufunguo wa gari, ili gari lisiwake kurudi Nairobi kabla sijakishika mkononi, na boti isiingie majini kabla sijakiona.